Kufinyanga Wahusika wa Hadithi Nyumbani: Mwongozo kwa Walezi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, bibi, mjomba au dada mkubwa anayetaka kumsaidia mtoto kutengeneza sanamu ya mhusika wa hadithi nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana Mtwara na Lindi, bila kuagiza chochote kutoka Dar es Salaam. Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni kwamba, kabla mkono haujagusa udongo, mtoto aamue mhusika wake anafanya nini. Sanamu nyingi za watoto huvunjika au huachwa njiani kwa sababu zilianza na swali la mhusika anafananaje, yakaja masikio, mikia na vidole vyembamba visivyo na pa kuegemea. Ilhali tendo lililochaguliwa vizuri huamua mwili ukae vipi, uzito uangukie wapi, na kiungo kipi kishikwe na kipi.

Mhusika na tendo lake

Msomee mtoto hadithi hadi mwisho, au mwombe bibi yake amsimulie, kisha muulize ni wapi ambapo angependa mambo yasimame kidogo ili ayatazame vizuri. Akijibu kwa kutaja jina tu, usikubali haraka. Akisema Sungura, muulize Sungura yumo katika hali gani: amejificha, anakimbia, anacheka, au amenaswa kisimani? Sungura anayekimbia, miguu miwili hewani, hawezi kusimama kwa udongo mtupu, kwa kuwa mguu mmoja mwembamba hautabeba mwili mzima. Sungura aliyechutama, masikio ameyalaza mgongoni, ni bonge moja imara, na bado kila anayemtazama atajua kwamba ni yule mjanja anayevizia.

Kila mhusika ana alama moja au mbili zinazomtambulisha hata kwa mbali, na kazi ya mlezi ni kumsaidia mtoto kuziona, si kumfinyangia. Fisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wake huteremka kuelekea mkiani. Mtoto akiupata mteremko huo na shingo nene, hahitaji hata kumtia madoa. Kobe ni gamba na kichwa, na ndiye ninayempendekeza kwa watoto wa miaka minne hadi sita, kwa kuwa gamba humsamehe mfinyanzi makosa mengi. Abunuwasi ni binadamu, na binadamu ni mgumu kuliko wanyama wote, lakini kanzu yake inayofika chini humwokoa mtoto: chini pana, juu pembamba, na hakuna miguu ya kuvunjika.

Zimwi hana umbo maalumu, na hapo mtoto aachwe huru kabisa. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo mzima uitwao shetani, wenye viumbe vya jicho moja, midomo inayoning'inia na viungo vilivyojipinda, na George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliufikisha mtindo huo katika nchi nyingi za nje kwa michongo na picha zake. Mtoto akionyeshwa picha za kazi hizo ataelewa mara moja kwamba zimwi lenye mguu mmoja mnene halina kosa. Vinyago vya mapiko ni habari nyingine. Hivyo vina nafasi yake katika ngoma za jando, na mtoto akitaka kuviiga, waulizwe kwanza wazee wa familia.

Zipo pia nyumba za Kiislamu ambazo hazipendi sanamu za viumbe vyenye roho, na mlezi mgeni hana sababu ya kubishana nazo. Katika nyumba hiyo mtoto anaweza kufinyanga mahali pa hadithi: mkuyu ulioinamia maji, jahazi, kisima, mlango wa sultani wenye nakshi. Kanuni zote zinazofuata zinatumika vilevile.

Udongo

Udongo mwekundu unaokanyagwa kila siku juu ya uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, kwa kawaida una mchanga mwingi na haushikani vya kutosha. Tafuta udongo wa mabondeni na kando ya mito, ambako ule laini hutuama baada ya mvua, au udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameshauchagua punje kwa punje. Wanawake wanaofinyanga vyungu wanajua palipo na udongo mzuri kuliko mwongozo wowote. Aliye na jirani mfinyanzi amwombe bonge moja, na amlipe, kwa kuwa kuuchimba na kuubeba ni jasho. Kichuguu kichimbwe na mtu mzima, mchana, akiyatazama mashimo kwa makini, maana nyoka hupenda kulala humo.

Kuujaribu ni rahisi. Sokota kipande chenye unyevu kiwe na unene wa penseli, kisha kizungushe kwenye kidole. Kisipopasuka, udongo unafaa kwa kazi yoyote. Kikipasuka kidogo, utafaa kwa kobe na vitu vinene. Kikikatika, tafuta kwingine. Udongo unaonata sana vidoleni una tatizo la upande wa pili, kwani utasinyaa mno na kupasuka wakati wa kukauka, kwa hiyo uongezewe mchanga laini uliochekechwa, kikombe 1 kwa vikombe 5 vya udongo. Mchanga wa pwani uoshwe kwanza kwa maji baridi mara kadhaa, la sivyo chumvi iliyomo itajitokeza juu ya sanamu ikikauka na kuacha mabaka meupe.

Kabla ya kuuloweka, anika udongo hadi ukauke kabisa, kisha uuponde. Wengi huona hatua hii ni ya kupoteza muda, lakini udongo mkavu kabisa hunyonya maji na kumumunyuka wenyewe, wakati ule wenye unyevu hubaki na mabonge yasiyoyeyuka hata kwa wiki nzima. Uache ndani ya ndoo kwa siku mbili, ukoroge, uuchuje kwa kanga iliyochakaa ili mawe na mizizi vibaki juu, uuache utuame, kisha umwage maji ya juu taratibu. Chandarua chenye dawa kisitumike kuchujia kitu kitakachoshikwa na watoto. Uji mzito unaobaki umiminwe juu ya gunia lililotandazwa kivulini hadi ukaze kiasi cha kukandika, na hapo mtoto aukande kama anavyomwona mama yake akikanda unga wa chapati, akiusukuma kwa kiganja na kuukunja, mpaka usinate tena mkononi na usiwe na mapovu ya hewa ndani.

Udongo usiotumika siku hiyo ukae katika ndoo yenye mfuniko, umefunikwa kitambaa kibichi. Zamani watu waliufunga katika mifuko ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ndoo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Vifaa vingine vimo ndani ya nyumba: njiti za chelewa za kuchorea na kutobolea, kijiko cha kuchimbia, kisu butu cha mezani, chupa ya kusukumia, kipande cha dodoki kilicholowa cha kulainishia, na ubao wa kufanyia kazi.

Kima juu ya mgongo wa papa

Tuchukue hadithi ya kima na papa, ambayo pwani yetu imeisimulia kwa vizazi vingi. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamrushia papa matunda, urafiki unakua, na siku moja papa anamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Katikati ya safari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao mioyo yao huiacha mtini, na papa anageuza njia ili wakaufuate. Tendo la kufinyanga liko pale kima anapoipata habari ya moyo: ameketi juu ya mgongo, mikono miwili imeshika pezi, mwili umerudi nyuma, kinywa wazi. Uzuri wa tendo hili ni kwamba kila kitu kimeshikana na kitu kingine, na kitako cha sanamu ni tumbo pana la papa.

Papa atangulie. Mtoto asokote bonge lenye urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 6 katikati, likipungua kuelekea ncha zote mbili, kisha aligonge taratibu juu ya ubao ili tumbo liwe bapa. Pua ivutwe mbele kutoka katika bonge lenyewe, isibandikwe, na kinywa kichorwe upande wa chini, nyuma ya pua. Mkia usimame wima, ncha ya juu ikiwa ndefu kuliko ya chini. Watoto wengi huulaza, na papa hugeuka pomboo. Mtoto aliyewahi kusimama sokoni wakati ngalawa zinashusha samaki ameshaiona tofauti hiyo, na asiyewahi apelekwe akatazame, kwa kuwa dakika chache za kutazama zitamfaa kuliko maelezo yangu. Pezi la mgongoni liwe nene shinani, lisipungue sentimita 1.5, kwa sababu ndilo litakaloshikwa na kima. Mwisho, kila upande wa kichwa akate mistari mitano ya mashavu kwa chelewa. Papa walio wengi wana mitano, na mtoto anayejua hivyo hufurahi sana kuihesabu mbele ya wageni.

Kima afinyangwe kando: mwili wenye urefu wa sentimita 6, kichwa cha mviringo cha sentimita 3, mikono mirefu ifikayo pezini, miguu iliyokunjwa ikibana mbavu za papa. Mkia ndio mtihani. Mkia wa kima ni mrefu na mwembamba, na ukiachwa hewani hautamaliza wiki. Ulazwe juu ya mgongo wa papa kuelekea nyuma, ukizunguka kidogo, ukishikamana na mwili kwa urefu wake wote. Macho yatauona mrefu na udongo utaubeba.

Sasa kuunga. Hapa ndipo sanamu hupona au hufa, na hapa mlezi akae karibu. Kitako cha kima na mahali atakapokaa vitiwe chale kwa njiti ya chelewa, mistari inayokatana, kina cha milimita 2 hivi. Pande zote mbili zipakwe uji wa udongo, yaani udongo uleule uliolainishwa kwa maji hadi uwe mzito wa kupakika kwa kidole. Kima akandamizwe juu ya papa huku akizungushwa kidogo kushoto na kulia, mpaka uji ujitokeze pembeni mwa kiungo pande zote. Uji usipojitokeza upande mmoja, kuna pengo ndani, naye atang'oka. Kisha uzi mwembamba wa udongo uzungushwe kwenye mshono na kusuguliwa kwa kidole gumba, nusu ukipanda kwa kima na nusu ukishuka kwa papa, hadi mshono usionekane. Mikono iungwe na pezi kwa njia hiyohiyo.

Vipande vinavyoungwa viwe na unyevu sawa. Mtoto akimfinyanga papa Jumamosi na kima Jumapili, papa atakuwa ameanza kukaza, kima bado ni laini, nao watasinyaa kwa viwango tofauti.

"Bibi, mbona mkono umetoka?"

"Papa wako alikuwa amekauka, mjukuu wangu. Mrudishe ndani ya kitambaa kibichi alale mpaka kesho, halafu tutie chale upya."

Kazi ikikaza kidogo, kiasi kwamba inaweza kugeuzwa bila kuharibika, mlezi aishike kwa mikono miwili na mtoto aichimbe kwa kijiko kupitia tumboni mwa papa, abakize ukuta wa sentimita 1.5 hadi 2. Udongo mnene hukauka nje wakati ndani bado ni mbichi, na tofauti hiyo ndiyo ipasuayo. Kisha macho na kinywa cha kima vitobolewe kwa chelewa. Waache hapo. Kila mtoto hutaka kuongeza nywele, vidole na kucha, na mara nyingi nyongeza hizo huifunika ile hofu ya kima iliyokuwa imeshaonekana.

Kukausha

Jua la Mtwara la saa saba mchana ni adui wa sanamu mbichi. Nje hukauka na kusinyaa haraka, ndani hukataa kusinyaa, na ufa hujitokeza penye mshono. Sanamu ikae kivulini, mahali penye hewa lakini pasipo upepo mkali, imefunikwa kitambaa chepesi kwa siku mbili za kwanza, na igeuzwe kila siku ili tumbo nalo lipate hewa. Chini yake litandazwe gazeti, ambalo huiwezesha kusogea inaposinyaa. Udongo hupungua kwa asilimia 5 hadi 10 unapokauka, hivyo mtoto aelezwe mapema kwamba papa wake atakuwa mfupi kidogo. Muda hutegemea unene na msimu: wakati wa kusi, miezi ya Juni hadi Agosti, wiki moja yaweza kutosha, lakini wakati wa masika ni zaidi ya hapo. Iguse kwa shavu. Ikiwa baridi kuliko hewa, bado ina maji ndani.

Kuichoma siyo kazi ya watoto, wala ya mlezi asiyejua ufinyanzi. Sanamu yenye unyevu ikitiwa motoni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuipasua kwa kishindo, vipande vikiruka. Ikiwa kuna mfinyanzi mtaani anayechoma vyungu, mtoto aende kwake kwa adabu, aamkie, aombe nafasi ya sanamu yake pembeni mwa vyungu, naye ndiye aamue kama imekauka vya kutosha.

Wenye shingo ndefu: waya na magazeti

Watoto wa Lindi wana haki ya kumtaka mjusi wa Tendaguru. Mifupa ya dinosaria huyo ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 katika kilima cha Tendaguru, na kiunzi chake kimesimama katika makumbusho ya Berlin kikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Hata huko mifupa hiyo imeshikiliwa na vyuma, na shingo ya namna hiyo haiwezi kujibeba kwa udongo mbichi. Wengi hudhani suluhisho ni kutia waya ndani ya udongo. Hapana: udongo husinyaa, waya hausinyai, na shingo hupasuka kuuzunguka. Waya unaendana na magazeti.

Pinda waya wa kufungia uzio, ambao mlezi ameukata na kukunja ncha zake, uwe uti wa mgongo, shingo, mkia na miguu minne. Uviringishie makumbi ya nazi au magazeti yaliyofinywa, na ufunge kwa kamba za makuti mpaka mwili upate unene. Gundi ni uji wa unga wa muhogo: kikombe 1 cha unga kikorogwe katika maji baridi kidogo, kisha kimiminwe katika vikombe 4 vya maji yanayochemka, huku mtu mzima akikoroga hadi uji uwe mzito na wa kung'aa. Kijiko kimoja cha chumvi huchelewesha ukungu. Ikipoa, chana magazeti kwa mkono, upana wa vidole viwili. Usiyakate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa hulala na kupotea, na uliokatwa huacha ngazi. Pitisha kila kipande kwenye gundi, kamua kwa vidole viwili, bandika kwa kupishana. Matabaka manne au matano yanatosha, kila moja likikauka kabla ya lingine, na sanamu hii, tofauti na ya udongo, ianikwe juani bila wasiwasi.

Njia nyingine mbili nazitaja kwa ufupi. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1 na maji yasiyozidi kikombe 1 hutoa kinyunga kizuri kwa wahusika wadogo wenye unene usiozidi sentimita 1, lakini chumvi hunyonya unyevu wa pwani, na sanamu iliyokauka Julai itatoa jasho Januari. Isitoshe, mtoto mdogo asile kinyunga hicho, na katika nyumba ambayo unga unahesabiwa mimi nisingekipendekeza. Ya pili ni kuchonga muhogo kwa kijiko chenye ncha. Lilanga mwenyewe inasemekana alianzia kwenye mihogo kabla ya kuingia kwenye miti laini na hatimaye mpingo, na hakuna zoezi bora la kumfundisha mtoto kuondoa badala ya kuongeza. Sanamu ya muhogo haidumu ila siku chache. Ichongwe, itazamwe, itupwe, na mabaki ya muhogo mchungu yasitafunwe, kwa kuwa yana sumu.

Rangi na kutunza

Masizi ya sufuria hutoa nyeusi, udongo mwekundu uliochujwa hutoa kahawia nyekundu, na manjano ya kupikia hutoa rangi inayovutia ambayo jua huifuta baada ya muda. Zote zichanganywe na gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kidogo, kwa sababu rangi ya maji matupu hulowesha udongo usiochomwa na kuubomoa. Zipakwe mara mbili nyembamba.

Maganda ya korosho mbichi yasitumike kama macho, magamba wala kitu kingine, hata kama yamejaa uani wakati wa msimu: utomvu wake huchubua ngozi, na mtoto akijifikicha jicho baada ya kuyashika ataumia vibaya. Maji ya mabibo nayo yasijaribiwe kama rangi mtoto akiwa amevaa sare ya shule, kwa kuwa madoa yake hayatoki.

Sanamu ya udongo usiochomwa ikae juu ya rafu mbali na ukuta unaovuja, na ya magazeti ikaguliwe kila baada ya wiki chache, kwa kuwa panya na mende hupenda unga wa muhogo. Ikivunjika ile ya udongo, na kama haikupakwa rangi, ipondwe na kurudishwa ndooni pamoja na udongo mwingine uliokauka. Iliyopakwa rangi isirudishwe, maana gundi huharibu ndoo nzima.